Kipande cha Kwanza

Janet hakuhitaji kuambiwa kwamba biashara imelegea. Zamani wateja walifika kibandani pake wakitazama sinia la mahamri. Siku hizi walianza kwa kumtazama mbwa.

Mbwa mwenyewe aliitwa Watasema. Jina hilo alipewa na Mzee Kiponda, baba mkwe wa Janet, mwaka ule alipomleta nyumbani angali wa kubebwa kikapuni na majirani wakauliza mzee wa umri wake anataka mbwa wa nini. Wakasema, wakachoka, na mbwa akakua. Akatoka na manyoya ya rangi ya mchanga na mkia wa kujivuna. Sasa mkia ulikuwa umebaki mtupu. Tumbo lilikuwa jekundu, makwapa yamechubuka, masikio yanatoa maji yenye harufu, na alivyokuwa akijikuna, hata mtu mwenye ngozi nzima alijikuta anajipapasa shingo.

Kibanda kilikuwa mbele ya nyumba, kando ya barabara ya vumbi hapo Kakuyuni. Kila alfajiri Janet alikaanga mahamri sitini na kuchemsha sufuria ya mbaazi za nazi, na kabla kengele ya shule haijalia sinia lilikuwa tupu. Hayo yalikuwa ya zamani. Siku hizi yalibaki kumi, siku nyingine ishirini. Asubuhi moja Easter, jirani wa ng'ambo ya barabara, alichukua mbaazi peke yake, akasema watoto wake leo watakula na chapati za jana. Janet akamfunikia bakuli na kumshukuru. Alijua fika kwamba kwa Easter hakukuwa na chapati za jana wala za juzi.

Yaliyobaki hayakutupwa, maana nyumba ile haikuwa na desturi ya kutupa chakula. Watoto wawili walikuwa wameshakula kabla ya kwenda shule, na Janet mwenyewe harufu ya mafuta ilikuwa imemkinaisha kitambo. Basi mahamri yalilowekwa kwenye mchuzi wa mwisho wa mbaazi, yakatiwa katika bakuli la Watasema. Alikula yote akalamba na pembeni. Janet alijiambia kwamba huyu akifa, angalau hatakufa kwa njaa.

Mtu angeweza kuuliza kwa nini wasimwondoe tu. Jibu lilikuwa limeketi uani, kwenye kiti cha kamba, limevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Akili ya Mzee Kiponda ilikuwa imeanza kutoka nje bila kuaga. Siku nzuri aliwajua wote kwa majina. Siku mbaya aliuliza mkewe amekwenda wapi, naye mkewe alikuwa kaburini mwaka wa tatu. Kisha kulikuwa na siku za kutembea: mzee alishika jembe akaenda kupalilia shamba la Vitengeni ambalo liliuzwa kabla Janet hajaolewa. Masika yaliyopita walimtafuta kutwa nzima. Aliyewaongoza ni Watasema, aliyesimama kichakani akibweka mpaka sauti ikakauka, na mzee ameketi karibu naye, kiatu kimoja hakipo.

Tangu siku hiyo Janet aliweza kukaanga bila kuinua kichwa kila dakika. Mzee akitoka, mbwa hutoka naye, na mbwa akibweka, Janet hujua aelekee wapi. Bila Watasema ingebidi mzee afungwe kamba mguuni, na hilo Janet alikuwa ameliona likifanywa katika nyumba moja huko kwao. Alikuwa ameapa halitafanywa katika nyumba anayopika yeye.

Dawa za nyumbani zilijaribiwa zote. Majani ya mwarobaini yalichemshwa, mbwa akaoshwa mpaka akawa anakimbia akiona karai. Kisha mwendesha pikipiki mmoja akashauri oili chafu ya injini, na Janet, Mungu amsamehe, akampaka. Kwa siku tatu Watasema alinuka gereji na ngozi ikazidi kuungua. Mzee Kiponda alimpangusa kwa shati lake la Jumapili bila kumwuliza mtu.

Mwishoni mwa Januari alikuja Japheth, mzee wa nyumba kumi. Alichagua Jumamosi ambayo alijua Mwaringa, mume wa Janet, atakuwa nyumbani. Mwaringa alikuwa askari wa lango kwenye hosteli ya wanafunzi huko Kilifi, na alirudi mara moja kwa mwezi. Japheth hakuketi. Alisema mtoto wa Easter ametoka upele, na kwamba watu wanauliza kwa nini mbwa wa namna ile analala penye biashara ya chakula. Alisema kwa upole sana, na upole ule ndio uliomchoma Janet, maana ulikuwa upole wa kumwambia mtu kwamba ananuka.

Mwaringa, ambaye kazi yake ni kufungulia watu lango, alikuwa mwepesi wa kukubali. Alisema hakuna haja ya kikao. Kule Kilifi kuna unga unaouzwa, mtu hunyunyizia kwenye nyama, na jambo huisha bila kelele.

"Nipeni mpaka shule zifunge," Janet alisema. Alisema bila kujua atafanya nini na muda huo.

Japheth akamtazama Mwaringa, Mwaringa akatazama viatu vyake. Wakakubaliana: shule zikifunga mwezi wa nne na mbwa bado yuko hivi, Mwaringa atamaliza mwenyewe.

Japheth alipoondoka Janet alimwuliza mumewe, "Na baba atatembea na nani?"

"Tutafunga lango."

"Lango gani, Baba Purity?"

Boma lao lilizungushiwa minyaa, tena yenye mapengo, na kila pengo mzee alilijua kuliko jina la mwanawe.

Wiki iliyofuata daktari wa mifugo alikuja Kakuyuni kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Janet alimpeleka Watasema kwa kamba. Watu kwenye foleni walisogeza mbwa wao, kisha wakajisogeza wenyewe, hata akajikuta peke yake mwishoni, kama aliyekuja kwa shughuli nyingine. Daktari Mutuku alikuwa mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Alivaa glavu, akafungua masikio, akatazama kati ya vidole vya miguu, akakwangua ngozi kidogo kwa wembe na kuipaka kwenye kigae cha kioo. Akapiga sindano ya upele, akaacha na vidonge vya vile vidonda, akapokea jogoo mmoja kwa malipo.

Baada ya majuma mawili alirudi kwa pikipiki yake. Vidonda vilikuwa vimekauka kidogo, lakini kujikuna kulikuwa kulekule.

"Upele sikuuona," alisema, "na sindano haikubadilisha kitu. Tena ule wa kuambukiza ungekuwa umeshampata anayelala naye. Nani hulala naye?"

"Baba mkwe wangu."

"Yeye hujikuna? Ana vipele mgongoni?"

Janet alitazama pembeni. "Sijui, daktari. Mimi ni mkaza mwana."

Mutuku alielewa, akaacha hilo. Kwa watu wa kule, mke wa mwana hatazami mwili wa baba mkwe wake, hata kama amezeeka kiasi gani. Humwekea maji bafuni na kuondoka. Humwekea chakula na kuondoka pia, kwa kuwa kusimama ukimtazama mkweo akitafuna ni utovu wa adabu. Mzee Kiponda aliogeshwa na wajukuu, na alikula peke yake.

"Mbwa anakula nini?" Mutuku akauliza.

"Chakula."

"Chakula gani?"

Janet akataja ugali, mifupa ya kuku ikiwapo, mabaki ya mboga. Kisha sauti yake ikashuka. "Na mahamri."

"Mangapi?"

"Yanayobaki. Mwanzoni yalikuwa yale yaliyoungua tu."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kuuza. Mwaka wa pili huu."

"Na alianza kujikuna lini?"

Janet akahesabu nyuma kwa vidole. Alihisi joto likimpanda usoni. Mahamri yale alikuwa akiyakanda kwa mikono hii, kwa tui zito na iliki ya kutwanga mwenyewe, na watu wa mpaka Malindi mjini walikuwa wameyasifu. Yalilipia sare za watoto. Sasa hesabu yake ya miaka miwili ikasimama mbele yake: kadiri mbwa alivyochubuka ndivyo wateja walivyopungua, na kadiri wateja walivyopungua ndivyo bakuli la mbwa lilivyojaa.

Mutuku alimwambia asijilaumu. Mwili wa mbwa mmoja mmoja hukataa chakula ambacho wenzake wanakula na kunenepa. Yeye aliishuku ngano, lakini hakuwa na hakika, na njia ya kupata hakika ilikuwa moja: majuma manane mbwa ale vitu viwili tu ambavyo hajawahi kuvila, visivyochanganywa na kingine. Walifikiri pamoja. Muhogo ulikuwapo shambani, na mbwa hakuwahi kupewa. Samaki pia hakumjua, kwani nyumba ile ikila dagaa, hakibaki hata kichwa.

"Muhogo umenywe, uive kabisa," alisema akivaa kofia yake ya pikipiki. "Samaki wa kuchemsha, utoe miiba. Na hamri, Mama Purity, hata kipande cha ukubwa wa ukucha kitakurudisha mwanzo."

Tatizo lilikuwa samaki. Janet alipiga moyo konde akaenda kwa Zuleikha, mkewe Twahir muuza samaki, watu waliohamia Kakuyuni kutoka Lamu. Twahir alileta samaki kutoka Malindi kila asubuhi, na vichwa vidogo visivyo na mnunuzi vilikuwa vikienda kwa paka. Janet alizunguka maneno, akauliza hali ya watoto, akasifu mlango mpya. Mwishowe akasema anavitaka vichwa kwa ajili ya mbwa, huku akijua mbwa kwa watu wale ni mnyama wa kukaa naye mbali.

Zuleikha alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema mbwa yule hataki amkaribie, maana akimlamba itambidi ajitwaharishe na maji yenyewe yanachotwa mbali. "Lakini kulisha kiumbe chenye njaa ni thawabu, mwenzangu. Nitakutundikia ndoo kwenye minyaa. Wewe uichukue, uioshe, uirudishe palepale. Na paka wangu wakinilaumu, nitawatuma kwako."

Janet akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

Hakumwambia mtu habari za mahamri. Nyumbani alisema ni agizo la daktari kwa ajili ya nguvu. Mahamri yaliyobaki akawa anayafunga kwenye karatasi na kuwapa watoto wapeleke shule, au anapunguza unga mapema. Kila adhuhuri alimenya muhogo, akauchemsha kwa sufuria yake ya pekee, akaponda na samaki. Aliwakataza watoto, akawakataza wapita njia, akaandika kwa mkaa kwenye ubao: MBWA ASIPEWE KITU. Watu waliosoma walitikisa kichwa. Mmoja aliuliza kama mbwa amefunga Kwaresima.

Kujikuna kulipungua. Hilo hakulitilia chumvi: kufikia juma la tatu Watasema alilala adhuhuri nzima bila kuinuka kujitafuna. Lakini hapo akakwama. Masikio yaliendelea kutoa maji, nyayo zilibaki nyekundu, na tumbo lilikuwa bado linawaka. Juma la nne likapita, la tano likaisha. Janet akaanza kuhesabu siku zilizobaki kabla ya shule kufungwa, na usingizi ukampungua. Alimpigia Mutuku. Mutuku akasema kuna mtu anampa kitu. Janet akaapa hakuna.

Siku aliyojua ukweli alikuwa amesahau kifuniko cha sufuria. Kwa kawaida kabla ya kuingia uani kwa mkwewe alikohoa, ili mzee ajue. Siku hiyo wateja wawili walikuwa wanangoja, mbaazi zinapoa, akaingia mbio bila kukohoa. Mzee Kiponda alikuwa mbele ya kikombe chake cha chai na mahamri yake mawili. Alilishika moja kwa mikono miwili, akalimega kwa uangalifu, kipande kikubwa mkono wa kushoto, kidogo mkono wa kulia. Kile kikubwa akakinyosha mbele yake, kwenye kigoda kilichokuwa kitupu. Watasema alikuwa amelala kando ya kigoda. Aliinua shingo, akakipokea polepole kama mtoto aliyefunzwa adabu.

Ndipo mzee akala.

Janet alisimama pale na kifuniko mkononi. Angeweza kukasirika, na kwa sekunde moja alikasirika: majuma matano, miiba yote ile aliyotoa kwa vidole. Kigoda alikijua. Ndipo alipokuwa akiketi mama mkwe.

"Baba," alisema, macho yake chini. "Mbwa hapaswi kula hamri. Linamuumiza."

Mzee alishtuka kumwona, kisha akatulia. Ilikuwa moja ya siku zake nzuri. "Kipande cha kwanza si changu, mwanangu. Tangu nimwoe mama Mwaringa sijawahi kula cha kwanza mimi. Nikianza mimi, chakula hakishuki."

"Lakini mama..."

"Najua hayupo," mzee alisema. "Anayekaa hapo sasa ni huyu."

Kesho yake Janet alijaribu njia ya mkato: akamfunga mbwa nyuma ya nyumba wakati wa chai. Mzee alimega, akanyosha mkono, akangoja. Alingoja mpaka chai ikafanya utando, na wajukuu walipompitia saa ya shule walimkuta mkono bado uko mbele, kipande kimelowa jasho. Siku hiyo hakula kitu. Janet aliposimuliwa alijificha jikoni akalia, kisha akajifuta kwa kanga akatoka kuuza.

Jioni ile akaamua. Kama mzee hawezi kuacha kumega, basi kibadilike kinachomegwa. Kuanzia kesho chai ya nyumba ile ilinywewa kwa muhogo wa kuchemsha, mzee, watoto na yeye mwenyewe, na mahamri yakawa ya kuuza tu. Siku ya kwanza mzee aliugeuzageuza muhogo akauliza kama kuna njaa nchini. Siku ya pili akaumega. Kipande kikubwa kikaenda mbele, Watasema akakipokea, na mzee akala.

Watoto ndio waliopata tabu. Purity alirudi shule akasema wenziwe wanamcheka, eti muuza mahamri analisha wanawe chakula cha mbwa. Janet alimwambia muhogo ulikuwapo kabla ya mbwa na kabla ya ngano. Lakini lilimwuma.

Shule zilifungwa Ijumaa. Jumamosi Mwaringa akafika na begi lake, na katika mfuko wa shati karatasi ya gazeti iliyokunjwa mara nyingi. Janet aliiona akajua ni nini. Mbwa alikuwa na juma la tatu tangu hamri la mwisho. Masikio yalikuwa makavu. Tumbo lilikuwa limerudi rangi yake, na kwapani manyoya mafupi yalikuwa yameanza kuota. Lakini mgongo bado ulikuwa na mabaka na mkia ulikuwa mtupu vilevile, na jicho la mtu huona mkia kwanza.

Jikoni alimwambia mumewe kila kitu, mahamri, ngano, kipande cha kwanza. Mwaringa alisikiliza mpaka mwisho, na alipozungumza hakuwa na hasira.

"Usiliseme hilo mbele ya watu," alisema. "Nani atauliza ngano inamfanya nini mbwa? Watakachosikia ni kwamba mahamri ya Janet yanatoa ngozi. Hakuna mbwa anayestahili uiue biashara yako kwa ajili yake."

Alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililokuwa baya. Janet akikaa kimya, mbwa alikuwa mgonjwa wa kuambukiza naye atauawa. Akisema, sinia lake lingeweza kubaki limejaa mpaka mwaka uishe.

Saa tisa alasiri Japheth alifika na Easter. Viti vya plastiki vikapangwa uani. Mzee Kiponda alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, Watasema miguuni pake, na hakuna aliyemweleza kikao ni cha nini. Japheth alimtazama mbwa kwa makini, maana alikuwa mtu wa haki kwa kipimo chake. Akasema kweli amepata nafuu, ila kupona hajapona, na mwanawe Easter bado ana upele, na makubaliano ni makubaliano.

"Tulikubaliana," Mwaringa akasema, akasimama. Mkono ukaenda mfukoni.

"Si upele," Janet alisema. "Hauambukizi. Ni mahamri yangu."

Mwaringa akafumba macho. Janet aliendelea kabla ujasiri haujamtoka. Akaeleza habari za Mutuku na muhogo, namna mbwa alivyopungua kujikuna alipopunguziwa na alivyopata nafuu aliponyimwa kabisa. Alisema kwamba kwa miaka miwili amekuwa akimtilia ugonjwa kwenye bakuli kwa mkono wake mwenyewe.

Easter alikuwa amekodoa macho. "Yaani sisi unatuuzia kitu kinachonyonyoa mbwa?"

"Huyu mbwa peke yake. Wewe ukila kaa midomo huvimba, Mama Tevin. Mumeo anakula na hana neno. Kaa ana kosa gani?"

Easter akajigusa midomo. Hakuwa mtu mbaya. Mtoto akijikuna hata halali, mama hutafuta wa kulaumu, na mbwa wa jirani alikuwa karibu kuliko zahanati.

Lakini Japheth alitikisa kichwa. Alisema maelezo ni mazuri, ila yeye si daktari, na daktari hayupo hapa. Nani atakayemthibitishia kwamba hauambukizi?

Janet alitazama chini, kwenye mchanga. "Analala na baba kila siku, ubavu kwa ubavu," alisema. "Mtazameni baba."

Kisha akainuka, akaenda nyuma ya jiko, kwa sababu jambo alilolitaja halikuwa la macho yake.

Easter naye akageuza kiti chake kuelekea barabarani. Wakabaki wanaume watatu, na Mwaringa akaelewa kwamba wa kulivua lile shati ni yeye. Akapiga magoti mbele ya babake. Vidole vyake, vilivyozoea kufuli na minyororo, vilifungua kifungo cha kwanza. Akafungua cha pili. Cha tatu kilikuwa na uzi mweusi, tofauti na vingine.

"Polepole," Mzee Kiponda alisema. "Hicho alikishona mama yako. Usikivute."

Mwaringa hakukivuta. Alilivua shati kwa uangalifu, bega moja, kisha la pili. Tangu utotoni hakuwa ameuona mwili wa babake. Mbavu zilihesabika. Begani palikuwa na kovu la panga la miaka mingi, na ngozi ilikuwa imelegea mikononi. Mgongo ulikuwa safi. Kifua kilikuwa safi, makwapa safi, hapakuwa na kipele wala alama ya kucha. Watasema aliinuka, akanusa goti la mzee lililofunuliwa na kikoi, akalala tena juu ya mguu wake.

Mwaringa aliona aibu, na haikuwa aibu ya kumvua babake nguo mbele ya mtu. Alikuwa amekuja na sumu mfukoni kwa ajili ya kiumbe ambacho kwa miaka mitatu kilikuwa kikifanya kazi iliyompasa yeye.

Japheth alikohoa. "Mfunge vifungo, mwanangu," alisema. "Kuna upepo."

Hakusema zaidi ya hilo, isipokuwa kwamba mbwa asikae kibandani, na kwamba Easter ampeleke mtoto zahanati Jumatatu. Alipokuwa akitoka alimpa Mzee Kiponda mkono na kumwamkia tena shikamoo, ingawa alishamwamkia mwanzoni.

Mwaringa alichosema kuhusu biashara kilitimia. Jumapili Janet alikaanga mahamri arobaini, na kufikia saa mbili yalikuwa yameuzika tisa. Vijana wawili walipita wakibweka, wakacheka. Zuleikha alikuja mwenyewe, jambo asilolifanya kwa kawaida, akasimama barabarani pale ambapo watu wa kanisani walikuwa wakipita, akaagiza kumi kwa sauti ya kumwita mtu aliye shambani. Alipokuwa akihesabiwa aliinama akamwambia Janet kwamba nyumbani kwake wako wanne tu na hajui haya mengine atawapa nani. Janet akamwambia awape paka. Wakacheka wote wawili, na macho ya Janet yakalowa.

Yalibaki ishirini na moja. Aliyatazama kwenye sinia, mazuri, yamevimba vizuri, na kwa mara ya kwanza hakujua yaende wapi.

Uani Mzee Kiponda alikuwa ameandaliwa chai. Mwaringa alitoka chumbani na begi lake, tayari kwa safari ya Kilifi, akasimama akimtazama babake. Kisha akaliweka begi chini. Alikwenda chooni, ile karatasi ya gazeti mkononi, akarudi mikono mitupu. Akachota maji, akanawa kwa sabuni, akamwaga yale maji mbali, akachota mengine, akanawa tena mpaka kwenye viwiko. Janet, aliyekuwa ameinua kichwa kutoka kibandani, alimwona, akarudi kwenye sinia lake.

Mwaringa akavuta kigoda cha mamake akakalia. Watasema alimpisha kidogo.

Mzee Kiponda alikuwa ameshika muhogo kwa mikono miwili. Alimtazama mtu huyu aliyeketi mbele yake, muda mrefu, kama anayetafuta jina. Haikujulikana kama alilipata. Aliumega muhogo, kipande kikubwa na kidogo. Mkono wenye kipande kikubwa ukaenda mbele, ukasita kati ya mbwa na mwanawe. Kisha mzee akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya asubuhi nyingine yoyote. Alikimega tena kile kikubwa, nusu akampa Watasema, na nusu akamnyoshea Mwaringa.

Mwaringa alikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa cha moto bado, hakina nazi wala chumvi ya kutosha. Alikitafuna polepole, akameza, na babake alipoona kimeshuka, naye akaanza kula.